Shajara ya chozi: kuvuta ndege wa mbochi kwenye bustani ya nyumbani, Usa River

2 Septemba 2023. Hali ilivyo kabla ya kuanza

Lengo: chozi, wale ndege wadogo wanaonyonya mbochi wa maua, waonekane kutoka kibarazani mwezi wowote wa mwaka. Kwa sasa wanakuja pale tu mgrevilea wa jirani unapochanua. Maua yakipukutika, nao hawaonekani tena. Naandika ili atakayetaka kuiga ajue kipi kilikubali, kipi kilikataa, na mfukoni zilitoka ngapi.

Kiwanja ni mita 20 kwa 30 na nyumba imekula karibu nusu. Mashariki ipo migomba, magharibi ua wa michongoma, katikati majani ya kawaida na mpapai mmoja. Tupo chini ya Mlima Meru, karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari.

Niliokwisha kuwaona hapa ni watatu. Chozi kifua-chekundu, Chalcomitra senegalensis, dume wake ni mweusi na kifua chake kinawaka hata usiposhika darubini. Chozi mdogo mwenye tumbo la njano, Cinnyris venustus, ndiye anayekuja zaidi. Wa tatu ni wa nadra, Nectarinia kilimensis, wa rangi ya shaba, dume akiwa na manyoya mawili marefu katikati ya mkia. Majike wao karibu wote ni wa rangi ya udongo na bado wananichanganya.

Matumizi: darubini ya mtumba, shilingi 65,000.

23 Septemba 2023. Chupa ya maji ya sukari, toleo la kwanza

Ndugu yangu aliyeko Marekani alituma chupa nyekundu ya kulishia kolibri, kama zile za kwenye video: unaijaza maji ya sukari, unaigeuza, unaining'iniza, ndege wanafika. Nikachanganya kikombe kimoja cha sukari kwa vikombe vinne vya maji, nikachemsha, nikapoza, nikaitundika kibarazani. Rangi sikutia, kwa sababu haina kazi yoyote tumboni mwa ndege. Asali pia sikutia, maana ikichanganywa na maji huchacha upesi na kuotesha ukungu.

Chozi walipita, wakatazama, wakaondoka.

Tatizo la kwanza ni umbo la kifaa. Kolibri ni ndege wa mabara ya Amerika tu, hakuna hata mmoja Afrika, na yeye hunywa akiwa ameelea hewani. Chozi ni ukoo mwingine kabisa. Wanafanana kwa sababu wote wanaishi kwa mbochi, ule utamu wa ndani ya ua, si kwa sababu ni ndugu. Chozi anaweza kuelea kidogo akilazimika, lakini anachotaka ni kusimama, ashike tawi kwa vidole, ndipo ainamishe mdomo. Ile chupa haikuwa na pa kusimama. Nikafunga fito mbili nyembamba kwa waya, kila tundu likapata pa kukanyagia, na dume mmoja wa tumbo-njano akajaribu.

Kabla sijafurahi, likaja tatizo la pili. Jua la mchana likipiga chupa iliyogeuzwa, hewa iliyo juu inatanuka na kuyasukuma maji nje. Yakadondoka sakafuni, sisimizi wakapanga mstari, kisha nyuki wakajaa mpaka kibaraza hakikalika. Nyuki wetu hawa hawana utani. Kijana wangu alichomwa sikioni akaniuliza, "Mama, sasa hapa tunafuga ndege au tunafuga nyuki?" Chupa ikashushwa jioni, nyuki walipoondoka.

Matumizi: sukari kilo moja, 2,800. Waya na fito vilikuwepo.

14 Oktoba 2023. Toleo la pili

Nimeacha kabisa chupa za kugeuza. Hili jipya ni kopo pana la plastiki lenye mfuniko mwekundu, limewekwa wima. Mfuniko nimeutoboa kwa msumari wa moto, matundu ya kama milimita 3. Maji ya sukari yanajazwa mpaka sentimita moja chini ya mfuniko, na hiyo sentimita ndiyo siri yenyewe. Ulimi wa nyuki haufiki huko, mdomo na ulimi wa chozi unafika bila shida. Kwa kuwa halikugeuzwa, halidondoshi.

Sisimizi nimewakata kwa kifuniko cha chupa kilichojazwa maji, kikapitishwa kwenye waya wa kuning'inizia juu ya kopo. Wanafika kwenye maji wanageuka. Kuna anayeshauri kupaka grisi kwenye waya. Msipake, ikigusa manyoya ya ndege haitoki.

Kopo linakaa kivulini na mchanganyiko unabadilishwa kila baada ya siku mbili, wakati wa joto kila siku. Ukiona maji yana weupeweupe, mwaga, sugua kwa maji ya moto na brashi. Nyuki bado wanakuja kulamba matundu kila tone likibaki juu ya mfuniko, ila ni wachache.

11 Novemba 2023. Kupanda

Chozi wanakuja kwenye kopo, wanakunywa, wanaondoka. Hawakai. Nimeamua fedha iliyobaki iende ardhini.

Mzee wa kitalu kule Tengeru nilimwamkia, nikamweleza ninachotafuta. Akanitembeza. "Mwanangu, wewe usiangalie ua zuri, angalia ua lenye bomba." Ushauri huo umenisaidia kuliko video zote. Maua ya bomba refu, mekundu au ya chungwa, yasiyonukia sana, mengi ni ya ndege.

Nilichonunua: miche sita ya Tecoma capensis (asili yake kusini mwa Afrika, inavumilia kukatwa ikawa ua) kwa 2,000 kila mmoja. Minne ya Russelia, yenye vijibomba vyekundu, kwa 3,000. Asili yake Mexico, kwa hiyo kwao inatembelewa na kolibri. Chozi wa Usa River hawakuuliza uraia. Mishubiri mitano, Aloe secundiflora, kwa 5,000 kila mmoja. Haibiskasi mbili nyekundu nilipewa vipande bure.

Kuhusu mishubiri: iko mingi porini kuelekea upande wa ukame, na kuna vijana watakaokuletea kwa bei ya soda. Nunueni iliyooteshwa kitaluni. Jamii yote ya Aloe, isipokuwa Aloe vera, inalindwa na CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini, nyingi zikiwa kwenye Kiambatisho cha II, na ile ya porini ikichimbwa, chozi wa huko wanabaki hawana cha kunywa wakati wa kiangazi.

Lantana sikupanda ingawa chozi wanaipenda. Ni gugu vamizi, mbegu zake zinasambazwa na ndege, na sitaki kesi na wenye mashamba.

Mbegu za Leonotis nepetifolia nimezichuma kandokando ya barabara, bure. Ni lile gugu refu lenye vichwa vya mviringo vinavyopandana kwenye shina, maua ya chungwa yenye vinyoya. Vaa glovu, vichwa vikikauka vinachoma.

Matumizi: miche 49,000, samadi 10,000, bodaboda ya kubebea 6,000.

16 Desemba 2023. Mishubiri imeoza

Mvua za El Niño hazikuacha. Mishubiri niliiweka kwenye shimo lenye samadi kama migomba, nayo ikaanza kulainika kwenye kitako, ukiigusa inanuka. Mitatu imekufa.

Miwili iliyobaki niliing'oa, nikakata sehemu zilizooza mpaka kwenye nyama safi, nikaiacha kivulini ikauke jeraha kwa zaidi ya wiki. Kisha nikainua tuta la sentimita 40 la mchanga na kokoto, udongo kidogo, bila samadi. Imeshika. Mshubiri unataka kiu, na kwenye udongo wetu mweusi wa volkano unaoshika maji, bila tuta msijisumbue.

Russelia na Tecoma zinafurahia mvua hiyohiyo.

Matumizi: mchanga na kokoto 15,000, mishubiri mitatu ya kufidia 15,000.

10 Februari 2024. Kopo limeshushwa

Sukari dukani kwetu imefika 4,000 kwa kilo, na ukiikuta umshukuru Mungu. Bibi jirani alipita akanikuta napima kikombe cha ndege. "Mama, watu wanakunywa chai ya chumvi, wewe unawapikia ndege uji wa sukari?" Alicheka, lakini ujumbe ulifika. Nimelishusha.

Kilichotokea baadaye ndicho cha kuandika. Niliwatarajia chozi watoweke, lakini hawakutoweka. Tecoma zimeanza kutoa maua, migomba miwili ina vitumba, na chozi hushika lile ganda jekundu la kitumba na kunywa kwenye vijiua vilivyo chini yake. Kumbe migomba ilikuwa inawalisha kabla yangu, ila mimi nilikuwa natazama kopo.

Haibiskasi ndiyo ina kituko. Maua yanaanguka yakiwa na kitundu kwenye kitako. Nilidhani ni mdudu, nikakaa na darubini. Ni chozi: ua ni pana mno kwake, kwa hiyo anatoboa pembeni, ananyonya, anaondoka bila kugusa chavua. Ua halipati chochote. Sijali, haibiskasi haikupandwa kwa ajili ya mbegu.

18 Mei 2024. Vidukari, dawa na buibui

Masika imeacha vidukari kwenye machipukizi ya Tecoma. Kijana wa kunyunyizia dawa mashamba ya nyanya akajitolea kupiga bomba moja kwa 5,000. Nilikuwa nimekwisha kutoa hela, nikazirudisha mfukoni nilipomwona jike wa tumbo-njano anapita shina kwa shina akiokota vidukari vilevile.

Hapa ndipo watu wengi wanaopanda maua ya chozi wanapokwama. Mbochi ni sukari, na sukari haijengi mwili wa kinda. Makinda hulishwa wadudu na buibui. Jike naye anahitaji utando wa buibui kama kamba ya kushonea kiota. Ukipiga dawa, maua yatakuwa safi, na chozi atakunywa kwako akaenda kuzalia kwa jirani asiye na bomba la dawa.

Kwa hiyo: vidukari vilivyozidi naviosha kwa maji ya mpira. Utando wa buibui chini ya paa la kibaraza hautolewi, na hili limehitaji mazungumzo marefu ndani ya nyumba kuliko jambo lolote la mradi. Tulikubaliana kona ya sebule ifagiliwe, ya nje iachwe.

Faida nyingine ya mpira wa maji: chozi hawapendi beseni. Nilikuwa nimenunua la udongo kwa 12,000 na wanaoliogea ni shore tu. Chozi anaoga kwenye jani lililolowa, anajisugua juu ya jani la mgomba. Sasa jioni nanyunyizia migomba na wanakuja wakati huohuo.

20 Julai 2024. Leonotis na ubabe

Leonotis zimefika kimo cha mtu na zimechanua. Ukungu wa baridi upo kutwa, lakini bustani haijawahi kuwa na chozi wengi hivi. Kila kichwa kinachanua duara kwa duara kwenda juu, kwa hiyo shina moja linatoa mbochi kwa wiki nyingi.

Shida: nilizipanda zote pamoja kwenye kona moja. Dume wa kifua-chekundu amekaa juu ya shina la katikati na anafukuza kila anayekaribia: tumbo-njano, kinengenenge, hata vipepeo. Anatumia muda mwingi kufukuza kuliko kunywa.

Jambo hili limewahi kupimwa Kenya. Frank Gill na Larry Wolf walichapisha mwaka 1975 utafiti wao juu ya chozi wa mabawa ya dhahabu wanaolinda mashina ya Leonotis. Walihesabu nguvu anayotumia ndege akiruka, akifukuza na akitulia, wakailinganisha na mbochi anaouokoa. Ulinzi unalipa pale tu maua yake yakiwa na mbochi mwingi kuliko ya nje. Maua ya kila mahali yakiwa yamejaa, hana sababu ya kugombana.

Nikaona basi nimnyime faida. Sikuhamisha mashina yaliyochanua. Nilipanda mbegu mpya sehemu tatu zisizoonana: nyuma ya jiko, kando ya michongoma, na mbele karibu na geti, nyumba yenyewe ikiwa ukuta katikati. Na kwa sasa nimekata mashina ya katikati pale pa mwanzo, kundi likagawanyika mara mbili. Hata hivyo tu, tumbo-njano wameanza kuiba upande mmoja mbabe akiwa upande wa pili.

Matumizi: hakuna.

8 Septemba 2024. Kioo cha pikipiki

Kwa ufupi. Dume wa tumbo-njano amekiona kivuli chake kwenye kioo cha pikipiki ya kijana wangu na amekuwa akikipiga kwa mdomo tangu asubuhi. Tangi lote ni vinyesi. Ndege anapoteza nguvu bure, pikipiki inapoteza sura. Dawa: soksi kuukuu kwenye kila kioo pikipiki ikipaki. Jirani mwenye gari naye amekuja kuomba soksi.

23 Novemba 2024. Kiota kwenye waya wa taa

Jike wa kifua-chekundu amejenga kiota kwenye waya wa taa ya nje, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Ni mfuko uliorefuka, wa majani makavu na nyuzi za mimea, umeshonwa kwa utando, una mlango pembeni na kijipaa juu yake. Kazi yote ni ya jike. Dume anaimba juu ya antena.

Chini ya boriti hiyohiyo kuna kiota cha nyigu. Fundi aliyekuja kurekebisha bati alitaka kukichoma. Nikamwomba akiache mpaka chozi wamalize, maana chozi huyu ana tabia inayojulikana ya kujenga karibu na nyigu, na paka wa mtaani hawajathubutu kupanda pale. Fundi alikubali kwa sharti kwamba kwa kazi ya upande ule nitampa pesa ya usumbufu.

Taa haiwashwi. Mlango wa jikoni tunautumia, lakini hatusimami chini ya kiota, na hakuna anayechungulia ndani kwa tochi au simu. Ukimshtua jike akiwa ameatamia anaweza kukiacha.

Matumizi: fundi, 5,000 za usumbufu.

14 Desemba 2024. Aliyetoka kiotani

Kabla ya kiota kukamilika tulikuwa tunasikia mluzi wa silabi mbili kwenye mgrevilea. Niliusikia bila kuutilia maanani. Leo kinda ametoka, mmoja tu, ana mistarimistari kifuani, mdomo mfupi na mwili mkubwa kuliko huyo anayemlisha. Ni kekeo wa Klaas. Hutaga yai kwenye viota vya ndege wadogo, chozi wakiwa miongoni mwao, na kinda lake huwasukuma nje wenye nyumba.

Bibi jirani alikuja kumtazama. "Yaani gharama zote hizo, mama, umemlea mtoto wa mtu mwingine." Nimeulizwa kama nitamfukuza kekeo mwakani. Hapana. Naye ni ndege wa hapahapa, anakula viwavi wenye manyoya ambao wengine hawawagusi, na kuwapo kwake kunaonyesha kwamba chozi wanazalia hapa sasa. Taa imewashwa tena.

15 Februari 2025. Kalenda ya maua na pengo lililobaki

Nimeandika nini kinachanua lini kwa kiwanja hiki, msikichukulie kama sheria ya kila mahali. Leonotis inachukua Juni hadi Agosti. Mishubiri imetoa mikuki yake mara ukavu uliposhika, Agosti na tena sasa. Mgrevilea wa jirani ni Septemba na Oktoba. Tecoma inajitokeza kila baada ya mvua, nikikata matawi inachelewa. Russelia na migomba hazina msimu, ndizo zinazoziba nyufa. Chozi wa shaba, yule wa nadra, sasa anakuja kwenye mishubiri karibu kila asubuhi.

Pengo lipo Aprili na Mei. Mvua inapiga maua yote chini na mbochi unachujuka. Kwa miezi hiyo kopo linarudi, uwiano uleule wa moja kwa nne, bei ya sukari ikiruhusu. Likiwa la msimu tu, nyuki hawalizoei.

Jumla mpaka leo, ukiondoa sukari: 65,000 za darubini, 79,000 za miche pamoja na mchanga na kokoto, 10,000 za samadi, 6,000 za bodaboda, 12,000 za beseni wanaloogea shore, na 5,000 za fundi. Shilingi 177,000. Ningeanza upya ningetoa beseni na mishubiri iliyooza, na Leonotis ningezitawanya tangu siku ya kwanza.

Hatua inayofuata ni mwamba-ngoma, Erythrina abyssinica, ambao huchanua mwekundu ukiwa hauna jani hata moja. Unashika kwa kipande cha tawi, kwa hiyo nimeomba matawi mawili ya unene wa mkono kwa mwenye shamba la kahawa, nimeyaacha yakauke jeraha, na yatachomekwa masika ikianza. Yapo mengine mawili ya ziada nyuma ya jiko kwa wa Usa River anayetaka, pamoja na mbegu za Leonotis. Glovu uje nazo.